Magari Yaliyovua Viatu

Krrr. Krrr. Krrr.

Nilifumbua macho gizani nikabaki nimelala kama gogo. Kitu kilikuwa kinakwaruza ukuta wa chumba chetu, taratibu, kutoka upande wa jiko kuja upande wa kitanda. Panya ana haraka zake. Hiki kilikwaruza, kikatua, kikakwaruza tena, kama mtu anayeusoma ukuta.

Alfajiri ilikuwa bado haijatoa hata weupe. Binti yangu alikuwa ubavuni mwangu, pumzi yake shingoni. Nikamvutia shuka mpaka kichwani. Nikasema moyoni: mume wangu, kama ni wewe umerudi, mimi sina ugomvi nawe, lakini mtoto mwache alale.

Nikapapasa swichi. Taa ikawaka.

Alikuwa baba yangu mzazi. Amesimama pale pale kando ya kitanda, mkono wa kushoto ameutandaza ukutani, kucha zikitangulia. Uso ameuelekeza kwangu. Taa ilimmulika mpaka ukahesabu mvi za kidevuni.

"Nani?" akauliza.

Nikajiinua kitandani.

"Ni wewe, mwanangu? Mbona umekaa gizani? Washa taa basi."

Mlipoagana nami wiki iliyopita, wasomaji wangu, nilikuwa mjane mwenye kazi mpya. Mume wangu, dereva wa ofisi ya wapima ardhi, alikwishazikwa. Wifi zangu walikwishabeba kabati na redio, wakaniachia misumari iliyokuwa ukutani. Baba yangu, mlinzi wa geti la ofisi ile ile, alitupokea mimi na mwanangu katika chumba chake cha kando ya geti. Nikapata kazi ya kufagia na kuchemsha chai humo humo ofisini, jioni nikimalizia masomo yangu ya kompyuta na kazi za ofisi. Nikawaandikia hapa kwamba sasa mambo yameanza kuninyookea.

Kumbe ulimi uliponza kichwa.

"Taa inawaka, Baba," nikasema.

Mkono wake ulibaki ukutani. "Najua," akasema. "Nilikuwa nakutania."

Baba yangu hajanitania alfajiri hata mara moja tangu nizaliwe. Niliteremka kitandani kimya kimya, nikapeleka kiganja mbele ya macho yake, karibu kabisa, nikakipunga. Hakupepesa. Alichofanya ni kuinamisha kichwa kidogo, akisikiliza upepo wa mkono wangu.

"Acha, mama," akasema. "Keti."

Tuliketi kwenye ukingo wa kitanda kama watu wanaongoja zamu hospitalini. Akanieleza kwa sauti ya chini, asimwamshe mtoto. Ukungu ulianzia pembeni mwa macho, ukaja ukila kuelekea katikati, na alikuwa nao kabla hata sijajifungua. Mchana aliona jua kama shuka jeupe lililoanikwa, na watu wakipita kama madoa juu ya shuka hilo. Jua likizama, basi. Daktari mmoja alimwambia kwamba kilichokwenda hakirudi. Akamshukuru, akarudi getini kuendelea na kazi.

Nikauliza ameiwezaje kazi muda wote huo.

"Geti halifunguliwi kwa macho," akajibu. "Linafunguliwa kwa masikio."

Hapo nikakumbuka jioni moja.

Mtakumbuka kwamba mume wangu aliugua ghafla akiwa safarini, mbali, kwenye viwanja vilivyokuwa vikipimwa. Alifia huko. Gari lake, lile kubwa ambalo madereva walilibatiza Mjomba, lilirudishwa na dereva wa tawi jingine kabla ya taarifa kutufikia. Nilikuwa nimesimama karibu na geti siku hiyo, nimemshika mtoto mkono. Baba alimsikia Mjomba tangu kwenye kona ya duka la saruji. Akafungua geti lote, akasimama pembeni, na lilipompita dirisha likiwa wazi akasema kwa furaha, "Karibu nyumbani, mkwe wangu. Leo umetuchelewesha."

Sauti ngeni ikajibu kutoka ndani: "Samahani, Mzee. Mimi si yeye."

Nilidhani ni giza la jioni lililomchanganya. Kumbe alisalimia gari, kwa sababu gari ndilo alilolijua. Mtu hakumwona.

"Usimwambie yeyote," Baba akaniomba alfajiri ile. "Chumba hiki ni cha mlinzi. Asiye mlinzi hana chumba. Meneja amekwambia nafasi ya mapokezi inakuja. Wewe kaa kwenye kile kiti cha mapokezi, upate mahali pako na mtoto, halafu mimi mwenyewe nitakwenda kumwambia macho yamechoka. Nivushe mpaka hapo tu."

Nivushe. Mtu aliyenifundisha kutembea ananiomba nimshike mkono. Ungekuwa wewe ungesemaje?

Nikakubali.

Lakini swali lilibaki linanikaba. Enzi za kina Mjomba nilielewa. Ofisi ilikuwa na magari marefu yaliyojengwa juu ya chesisi, yaani fremu nzito ya chuma, kama malori, injini za dizeli, na kila moja na kelele zake. Moja lilikuwa na bomba lililotoboka, likija unasikia mtu anakoroma. Jingine springi zake zililia kila tuta. Mjomba alikuwa na tabia ya kushusha gia kwenye kona ya duka la saruji, akakohoa, akatulia kidogo kama anayetafakari, kisha akanguruma chini kwa chini mpaka getini. Tulimwita Mjomba kwa sababu alibeba kila mtu na kila kitu, na alinung'unika njia nzima.

Baba aliyajua yote. Gari likiwa bado barabarani, yeye yuko kwenye komeo.

Kisha akaja meneja mpya. Mwanamke wa maneno machache, viatu vya chini, anayesalimia hadi mfagiaji. Akatueleza sote kwenye kikao kwamba barabara za kwenda viwanjani siku hizi ni za lami, na kwamba kumtuma Mjomba kupeleka kipimo kimoja na vigingi vichache ni sawa na kuchinja ng'ombe kwa ajili ya mchuzi wa mtu mmoja. Mafuta yalikuwa yakiimaliza ofisi. Magari makubwa yakauzwa yote. Yakaletwa mapya: mafupi kidogo, ya mviringo, bodi na sakafu ni kitu kimoja kama ganda la yai, injini ndogo inayosaidiana na betri. Wanayaita haibridi. Yakienda polepole, injini inalala, betri ndiyo inayosukuma.

Yaani yakifika getini hayana sauti kabisa.

Madereva waliyacheka, kisha wakayaogopa, kisha wakayazoea. Rafiki wa marehemu mume wangu, dereva tunayemwita Gia Tano kwa sababu hajawahi kukimbia maishani mwake, alisimulia chai ikitoka mdomoni jinsi alivyokaa dakika nzima akibonyeza kitufe, akizima gari kila mara akidhani hajaliwasha. "Shemeji," akaniambia, "yale ya zamani yalikuwa yanakanyaga kwa buti. Haya yamevua viatu mlangoni. Unageuka, limesimama nyuma yako kama mkwe aliyekuja bila taarifa."

Kupiga honi kulikatazwa. Jirani yetu ukuta kwa ukuta ni kliniki ya wazazi, na kibao kikubwa kimetundikwa: vichanga wamelala. Dereva akifika anawasha na kuzima taa. Taa, kwa baba yangu.

Na bado geti lilikuwa linafunguka. Kwa wakati, kila jioni. Hakuna dereva aliyewahi kulalamika.

"Basi hayo yasiyo na sauti unayajuaje, Baba?"

Akaupapasa ukingo wa kitanda.

"Mumeo ananiletea," akasema.

"Anakuletea nini?"

"Magari. Jua likishazama, namsikia Mjomba anakata kona. Anakohoa vile vile. Nasimama, nafungua. Likiingia ni jingine, nasikia upepo wake tu. Lakini anayenijulisha ni mkwe wangu. Sikukwambia kwa sababu nilijua utaogopa."

Mjomba aliuzwa. Niliona kwa macho yangu akiondoka na mnunuzi aliyetoka mji mwingine.

Siku ile kazini nilimwaga sukari mezani, nikaweka majani ya chai kwenye kopo la sukari. Wapima ardhi wakaniuliza kama nimependa mtu. Nikacheka kwa meno. Nilikuwa nawaza kama mzee wangu, pamoja na macho, akili nayo imeanza kutia ukungu. Aibu kusema, lakini jambo hilo ndilo nililolitamani, maana lile jingine lilinitisha zaidi.

Jioni ile hakukuwa na darasa, nilikuwa jikoni, yaani kile kikona cha chumba chetu chenye jiko na dirisha la kuangalia ua. Nilikuwa nimesimama na kijiko mkononi.

Nikamsikia.

Mbali kwanza, kisha gia ikashuka. Kikohozi. Ule utulivu mfupi ambao mume wangu alikuwa akiniambia, "Hapo Mjomba anafikiria kama aje nyumbani au apitilize." Halafu mngurumo, chini kwa chini, ukisogea.

Nilishika ukingo wa meza, na nikajikuta ninafanya jambo ambalo sijalifanya tangu mazishi: nilitoa sahani moja zaidi kwenye rafu.

Nikasikia komeo. Nikakimbilia mlangoni. Baba alikuwa amesimama pembeni mwa geti lililo wazi, amekaza mgongo kama siku zote. Gari jeupe la haibridi lilikuwa linaingia bila sauti, Gia Tano ndani yake akimpungia mkono. Baba hakupunga. Nyuma ya gari kulikuwa na barabara tupu.

Usiku ule niliongea na marehemu kuliko nilivyoongea naye hai. Nilimuuliza kama ana njaa. Nilimuuliza kwa nini anakuja kwa baba yangu na si kwangu.

Kesho yake sikwenda jikoni. Niliwaambia darasani ninaumwa, nikakaa juu ya ngazi ya stoo, mahali unapoona ua wote. Nilitaka kujua sauti inatokea wapi. Kama ni barabarani, kama ni hewani, nilitaka kujua.

Kando ya geti kuna pipa. Lilikuwa la dizeli, enzi za kina Mjomba. Haibridi zetu hazinywi dizeli, kwa hiyo likaoshwa, likalazwa ubavu, likasahauliwa. Mdomo wake umeelekea geti, na chini ya geti pana uwazi wa kutosha paka kupita.

Miguu miwili ilikuwa imechomoza kutoka ndani ya pipa lile. Ndala moja ya bluu, nyingine imechomoka.

Taa za gari zikamulika chini ya geti. Miguu ikajivuta ndani. Na ndani ya pipa, Mjomba akashusha gia, akakohoa, akatafakari, akanguruma, mwangwi ukipita chini ya geti kama unatokea barabarani.

Baba akainuka kitini. Komeo likalia.

Niliteremka ngazi sijui vipi. Nilipomtoa binti yangu ndani ya pipa alikuwa na kutu mashavuni na uso wa mtu aliyekatizwa kazini. Ni mtoto ambaye meno ya mbele ndiyo kwanza yanang'oka, na tunamwita Chiriku kwa kuwa tangu alipojua kusema hajapumzika.

Nilimpeleka chumbani, nikamuuliza nani amemfundisha. Akasema ni baba yake. Akaketi kwenye paja langu kunionyesha: hapa mkono wa usukani, hapa wa gia, na kwenye kona lazima ukohoe, usipokohoa Baba anacheka anasema gari limekufa. Mchezo wao wa siku za mapumziko. Mimi nilikuwa nafua nguo nyuma ya nyumba, nasikia kelele zao, nasema hawa wawili watavunja kiti.

Alikuwa amekizingatia kila kitu. Hata ule utulivu.

"Na kwa nini unamfanyia Babu?" nikauliza.

"Babu anapenda sauti ya Mjomba," akasema, akaanza kunieleza habari za kuku wa jirani.

Nilidhani basi hicho ndicho anachokijua. Mtoto anamfurahisha babu yake. Nikalia, akaniuliza kama nimejichoma, nikasema ndiyo.

Baba sikumwambia. Ningemwambiaje? Angekuwa anampoteza mkwe wake mara ya pili, na safari hii mimi ndiye ningekuwa yule mgeni anayejibu dirishani. Lakini pipa lile lilikuwa karibu mno na njia ya magari, na magari yenyewe hayasikiki. Nilikwisha kuzika mmoja. Nikalisukuma pipa hadi nyuma ya stoo, nikamkataza mtoto kukanyaga upande wa geti jua likielekea kuzama.

Mahali pake nikajiweka mwenyewe. Masomo yalikuwa yamekwisha, nikaanza kufagia mbele ya geti jioni, kila jioni, hadi Gia Tano akauliza kama natafuta pete. Nikiona taa za gari, nakohoa. Nilijitahidi kukohoa kama Mjomba. Baba alikuwa anasimama, anafungua, lakini taratibu, na mara moja akaniambia, "Mumeo siku hizi haji. Nadhani amechoka na mimi."

Nikafagia palipokwisha kufagiliwa.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi, na nawaambieni ulikuwa unakwenda vizuri. Kiti cha mapokezi kilikuwa kimebaki wazi. Cheti changu cha kompyuta kilikuwa mezani kwa meneja. Jioni moja, watu wakiwa wanafunga ofisi, akatuma niitwe. Sikuweza kumwacha Chiriku peke yake uani, nikaenda naye, nikampakata. Ofisi ya meneja iko juu, dirisha lake linatazama geti.

Aliniuliza maswali mazuri. Mteja akija amekasirika, utaanzaje? Nikasema nitampa kiti kwanza, maana hasira haikai vizuri ikiwa imeketi. Akatabasamu. Akasema ananifikiria mimi kabla ya mwingine yeyote. Akasema kiti hicho kina nafasi ya nyumba, chumba na sebule, ng'ambo ya barabara.

Chumba na sebule. Nilimbana mtoto kwa furaha mpaka akalalamika.

Nilikuwa nimesahau jua.

Nje palikuwa pamekwisha kuingia giza. Na kutoka mbali, kutoka upande wa duka la saruji, gia ikashuka. Kikohozi. Utulivu.

Nikamtazama mtoto. Midomo yake ilikuwa imefungwa. Alikuwa ameinua kichwa, macho yamemtoka, na mkono wake ulikuwa umenishika kifuani kwa nguvu.

Mngurumo ukaja, chini kwa chini.

Meneja aligeukia dirisha. "Bado kuna watu wanaendesha magari kama yale," akasema. Kwa hiyo alimsikia naye. Hadi leo sijui kama mnunuzi wa Mjomba alikuwa anapita mjini, au lilikuwa gari jingine lenye ugonjwa ule ule, au ni nini. Ninachojua ni kwamba lilipitiliza. Sauti ilivuka geti letu, ikaenda zake.

Na baba yangu, aliyekuwa amemkosa mkwe wake kwa muda mrefu, alifungua geti akalifuata.

Nilimwona kutoka juu. Alitoka hadi katikati ya njia, mkono ameunyoosha mbele, uso ameuinua, akiisikiliza ile sauti ikiondoka. Alikuwa anatabasamu. Upande wa pili wa njia, taa zikiwaka na kuzimika kwa adabu, gari jeupe lilikuwa linakata kona kuingia, bila viatu.

Nilimgeuza mtoto asitazame.

Lilimgusa gotini. Halikuwa na kasi. Aliegemea boneti kana kwamba anaegemea kaunta ya duka, kisha akateleza, akaanguka.

Tulipofika chini alikuwa amekwisha kukaa. Paji la uso limechubuka, damu kidogo, kiganja kimekwanguka. Nikamshika kila mahali. Mifupa ilikuwa mizima. Gia Tano alikuwa amepiga magoti kando yake, mikono kichwani.

Meneja hakupaza sauti. Aliuliza imekuwaje.

"Bosi, alikuwa ananitazama," Gia Tano akasema. "Uso kwa uso, taa zimemmulika. Nikajua ameniona, anakuja kunisalimia. Nikaachia breki niingie. Na yeye akaja mbele ya gari."

"Mzee?"

Baba alijipangusa suruali. Nilijua anachokipima, maana nami nilikuwa nakipima: chumba, mtoto, siku chache zilizobaki za kuvushwa.

"Alikuja kwa kasi," akasema. "Taa alikuwa amezizima."

Gia Tano akamgeukia polepole. "Mzee wangu," akasema, "ni mimi. Unasema nini?"

Baba akarudia. Safari hii sauti ilikuwa imara zaidi, na ndiyo iliyoniumiza zaidi. Huyu Gia Tano alibeba jeneza la mume wangu kwenye bega la kulia, na kila akitoka safari humletea Chiriku biskuti. Watoto wake mwenyewe wanne wanamngoja nyumbani. Na baba yangu, aliyenichapa nilipokuwa mdogo kwa kusema uongo juu ya kikombe kilichovunjika, alikuwa anamzika akiwa hai mbele ya ofisi nzima.

Taratibu ya ofisi inajulikana. Dereva anayemjeruhi mtu kwa uzembe anakabidhi funguo siku hiyo hiyo, na kesho haji.

Meneja akanyoosha kiganja. Gia Tano akazitoa funguo mfukoni, lakini hazikuondoka mkononi mwake.

"Shemeji," akaniambia. Hakuwa amekasirika. Afadhali angekasirika. "Wewe unakaa naye. Kuna kitu nisichokijua mimi? Kama kipo, sema. Kama hakipo, nitaondoka."

Meneja naye akanigeukia. "Ulikuwa nami dirishani. Macho yangu yalikuwa kwenye lile gari lililopita. Ya kwako yalikuwa kwa baba yako. Taa zilikuwa zinawaka?"

Watu wote wakanitazama. Baba naye aliinua uso kunitazama, akakosea kidogo. Alikuwa anautazama ule mwimo wa geti ulio kando yangu, kwa upole mwingi, akiusihi kwa macho yasiyoona.

Nilifungua kinywa. Nikaona chumba na sebule. Nikaona watoto wanne. Nikamwona baba yangu na mfuko wake mmoja wa nguo, nje ya ukuta, akipapasa ukuta ambao haujui. Kila neno lililokuja ulimini lilikuwa na mtu wa kumuua.

Kiganja kidogo kikachomoka mkononi mwangu.

Binti yangu alitembea hadi pale babu yake alipokaa chini. Akachuchumaa. Kwa ncha ya gauni lake akampangusa damu iliyokuwa inakaribia jicho, polepole, akimshika kidevu kama ninavyomshika yeye nikimwosha uso. Alipomaliza akasimama, akamtazama meneja.

"Babu haoni," akasema.